Uzi: Polisi wa usafiri wakibadilishiwa jina, gharama iko wapi na sababu ni ipi? Maoni ya mchora vibao wa Mtwara

#1 Mchora Vibao (Chuno, Mtwara)

Wakuu, heshima kwenu.

Mpwa wangu anaishi Vancouver, Kanada. Juzi alinitumia picha ya mlango wa gari la polisi wa treni wa huko, maana anajua mjomba wake akiona mlango wenye maandishi hawezi kuupita bila kuutazama. Nikamuuliza, hawa jamaa zamani waliitwaje? Jibu lake limenikosesha usingizi, ndiyo maana naandika.

Treni za juu za Vancouver, SkyTrain, zilianza mwaka 1985. Hazina dereva. Kwa miaka mingi zililindwa na askari wa mamlaka ya usafiri yenyewe ambao madaraka yao yalikuwa na mipaka. Tarehe 4 Desemba 2005 wakaanza kazi polisi kamili, wenye silaha, kikosi cha kwanza cha aina hiyo Kanada nzima. Jina lao lilitokana na la mamlaka ya usafiri iliyowaajiri: Greater Vancouver Transportation Authority Police Service, kwa kifupi GVTAPS. Mwaka 2007 mamlaka ikabadilishwa jina kisheria ikawa South Coast British Columbia Transportation Authority, na polisi ikabidi wafuate. Wakawa SCBCTAPS.

Herufi nane, irabu moja tu. Mimi nimechora vibao zaidi ya miaka ishirini, nawaambia hilo si jina la kuandikwa mlangoni. Hata abiria aliyeibiwa simu hawezi kulitaja.

Leo mlango unasomeka Metro Vancouver Transit Police. Ile SCBCTAPS ipo bado kwenye makaratasi ya sheria, lakini ya mlangoni, ya begani na ya mdomoni ni hii ambayo mtu wa kawaida anaielewa. Walichofanya ni kuliacha jina la sheria lilale kabatini na kulipeleka kazini jina la kuitwa.

Sasa kuna watu wakisikia "wamebadilisha jina na nembo" wanaruka moja kwa moja kwenye "wamekula hela". Nawaelewa. Ila nataka nieleze kama fundi hela inakwenda wapi, ndipo tubishane vizuri.

Watu wengi hudhani gharama ni kumlipa mchoraji wa nembo. Hiyo ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Gharama ni kila kitu ambacho jina la zamani limeshikamana nacho. Chukua gari moja tu. Stika ikikaa juani miaka minne, na hapa kwetu tuna jua na chumvi ya bahari kwa pamoja, rangi ya gari inapauka kote isipokuwa chini ya zile herufi. Ukibandua, jina la zamani linabaki limeandikwa kwa kivuli. Utasugua mpaka mkono uchoke, halitoki. Kuna njia mbili: ubandike stika pana ya kufunika mlango mzima, au upige msasa, upige prima, upake rangi upya mlango wote. Na mlango mmoja ukiupaka, wa pembeni yake unaonekana mchafu. Mwenye gari anakwambia "malizia na huo". Ndiyo maana hesabu ya ofisini haifanani kamwe na ya gereji.

Ukuta ndio mbaya zaidi. Walionijua zamani wanakumbuka nilivyochora maduka ya kampuni ya simu. Ilikuwa Celtel, nyekundu na njano. Mwaka 2008 ikawa Zain. Mwaka 2010 ikawa Airtel. Ukuta uleule, mchoraji yuleyule. Nyekundu ya mafuta ukiipaka rangi nyeupe juu bila kuizuia kwanza, inapenya. Baada ya masika ya kwanza mteja anaona waridi inachungulia. Nilirudia kuta tatu kwa gharama yangu kabla sijajifunza.

Zidisha hapo. Magari yote, vibao vyote vya vituo, beji, vifungo vya sare, bizimu za mikanda zenye nembo, mihuri ya mpira, vitabu vya risiti, karatasi za barua, vitambulisho, tovuti, mabango ya namba za kupiga. Kisha matangazo ya kuwaeleza watu kwamba hawa wapya ndio walewale. Kila kimoja kidogo. Vyote pamoja ni mzigo.

Sasa sababu. Katika kazi yangu nimeona sababu za aina tatu zinazosimama kwa miguu yake.

Ya kwanza ni mwenyewe kubadilika. Vancouver 2007 ni hiyo. Hapa kwetu SUMATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu na majini, ni hiyo pia: mambo ya meli yalikwenda TASAC mwaka 2018, na 2019 ikaja LATRA kwa ajili ya usafiri wa ardhini. Huwezi kubaki na jina lenye majini wakati maji yamekwenda kwa mwingine. Reli nayo: TRC, ikaja TRL mwaka 2007 alipoingia mwekezaji kutoka India, kisha 2017 ikarudi TRC. Mchoraji wa Tabora au Morogoro ameandika C, akaifuta akaandika L, akaifuta akaandika C.

Ya pili ni jina kutofanya kazi yake. Hii naipigia mstari. Kazi ya jina la polisi ni mtu mwenye shida alijue na aliite.

Ya tatu ni jina kubeba majeraha. Hii ni nzito, nitawaachia wasomi wenu, ila mfano wa Ireland ya Kaskazini nimeusoma ukaniingia. Polisi wao, Royal Ulster Constabulary, walikuwepo tangu 1922, na Wakatoliki wengi hawakuwaona kama polisi wao. Tume ya Patten ikatoa ripoti 1999 yenye mapendekezo 175. Jina lilikuwa mojawapo tu. Tarehe 4 Novemba 2001 wakawa Police Service of Northern Ireland, nembo mpya ina kinubi, taji, jani la shamroki, mizani, mwenge na tawi la mzeituni, ili kila upande uone chake. Lakini pamoja na nembo waliweka utaratibu wa kuajiri nusu Wakatoliki na nusu wengine, ukaendeshwa miaka kumi. Hapo kibao kipya kilikuwa na nyumba mpya nyuma yake.

Kuna sababu ya nne, ya mkubwa mpya kutaka alama yake ionekane. Hiyo siitetei.

Nimalizie na jambo lililonikuta. Mwaka 2020 nilikuwa kwenye basi kutoka Mtwara kwenda Dar. Binti mmoja mbele yangu alikuwa anasumbuliwa na abiria wa pembeni, mikono haitulii. Tulikuwa tumeshapita Lindi. Nikamwambia dada, pale juu ya dirisha kuna namba ya malalamiko, piga. Akaangalia. Mwenye basi alikuwa hajabandua stika ya zamani, ya mamlaka ambayo jina lake lilishabadilika mwaka mmoja kabla. Mama mmoja akasema, "Hao walishavunjwa, mwanangu, hawapo." Binti akarudisha simu kwenye pochi. Tulimhamisha kiti, wanaume wawili tukakaa katikati. Akashuka Nangurukuru, na nina hakika hakuwa anakwenda Nangurukuru.

Ile nayo ni gharama ya kubadilisha jina, na haiandikwi kwenye bajeti yoyote. Jina likibadilishwa nusunusu, linamwacha mtu katikati ya barabara.

Karibuni tujadili.

#2 Dereva wa Masafa

Kaka Mchora Vibao nimekusoma mwanzo mwisho. Mimi naendesha Masasi–Dar, na tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa kutembea usiku, saa nane za usiku napita Somanga na watu hamsini wamelala nyuma yangu. Nakwambia ukweli, nikipata shida pale sitaki kujua wanaitwa nani. Nataka waje. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara, tulilala njiani na abiria, kina mama na watoto. Aliyekuja kutusaidia hatukumsoma begani.

Hiyo hela ya vibao iwekwe kwenye mafuta ya magari ya doria. Ndiyo hoja yangu.

#3 Mchora Vibao

Dereva, hoja yako naiheshimu, na kama kuna hela ya kitu kimoja tu, mafuta kwanza. Sibishani hapo. Ila niulize: usiku ule ungempigia nani? Wewe dereva unazo namba kumi kichwani. Abiria wako wa kiti cha 43 anayo ile iliyobandikwa tu. Huko Vancouver abiria anatuma ujumbe wa maandishi kimyakimya akiwa amekaa pembeni ya mtu anayemtisha, asijulikane kama anaomba msaada. Namba ipo kwenye mabehewa. Lakini namba ile haina kazi kama abiria haelewi ni ya nani.

#4 Binti Mikindani

Mjomba shikamoo. Nina swali la lugha, kwa sababu ndiyo kazi yangu, nafundisha Kiswahili.

Tangu Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ikabidhi ripoti Julai 2023, kuna mazungumzo ya kutoka "Jeshi la Polisi" kwenda "Huduma ya Polisi". Hoja inayorudiwa ni kwamba neno jeshi linatisha raia. Mimi sishawishiki hivyo. Tuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nani anaogopa zimamoto? Watoto wangu darasani wakisikia king'ora cha zimamoto wanakimbilia dirishani kupunga mkono. Ni neno lilelile, jeshi.

Kwa hiyo hofu haikai kwenye neno. Inakaa kwenye yale ambayo watu wameyaona yakifanywa na mwenye neno hilo. Na sisi wa Mtwara tumeyaona: Mei 2013 wakati wa vurugu za gesi watu walikimbia nyumba zao. Januari 2022 maofisa wa polisi wa mkoa huuhuu walifikishwa mahakamani kwa mauaji ya kijana mfanyabiashara wa madini. Mama wa kijana kama yule utamwambia nini kuhusu tofauti ya jeshi na huduma?

Jirani zetu Kenya walilibadilisha neno kwenye Katiba ya 2010. Septemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta akazindua na sare mpya ya bluu. Juni 2024 vijana waliuawa kwa risasi kwenye maandamano Nairobi, na jina lilikuwa Huduma ya Taifa ya Polisi.

#5 Mwanasheria Mtarajiwa (Lindi)

Dada Binti, hoja ya zimamoto imenigusa, sikuwahi kuifikiria. Lakini niongeze upande mmoja. Kwenye sheria neno si pambo. Sheria yetu, Sura ya 322, inaitwa ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi. Ukisema jeshi, mfumo mzima unafuata mantiki ya amri: mkubwa akisema, mdogo anatekeleza. Ukisema huduma, raia anapata mahali pa kusimama na kuuliza "nimehudumiwaje?" Tume haikusema tufute neno tukalale. Ilisema chombo kifumuliwe na kiundwe upya, na neno liwe sehemu ya kuundwa upya.

Mnaobeza mna mfano mzuri zaidi ya Kenya, nawapa bure. Afrika Kusini mwaka 1995 walitoka South African Police wakawa South African Police Service, wakafuta na vyeo vya kijeshi. Mwaka 2010 vyeo vya kijeshi vikarudishwa, makanali na majenerali, na neno Service likabaki pale pale mlangoni. Mwaka 2012 Marikana wachimba migodi 34 wakauawa na polisi siku moja. Jina lilikuwa limetangulia mbele, chombo kikarudi nyuma.

Kuhusu gharama, mzee Mchora Vibao, kuna dawa moja ya kisheria. Sheria mpya huweka kifungu kinachosema popote penye jina la zamani pasomeke jina jipya. Hapo huhitaji kuzirekebisha sheria zote kwa siku moja, na karatasi za zamani zinatumika mpaka ziishe.

#6 Afande Mstaafu

Vijana, nimetumikia miaka thelathini, naomba nisikilizwe kidogo.

Karatasi zinatumika mpaka ziishe, sawa. Fomu namba tatu ya polisi, ile PF3 anayopewa majeruhi aende nayo hospitali, ikiwa na jina la zamani daktari ataipokea. Kitabu cha matukio kikiwa na jalada la zamani hakuna mtu atakayekufa.

Sare sivyo. Siku mnapobadilisha sare, ile ya zamani lazima irudi ghala, ihesabiwe, ichomwe. Kila shati. Askari wana ndugu, wana mafundi wao, nguo inauzwa, inatupwa, inageuzwa ya kulimia. Mwaka mmoja baadaye tapeli anasimamisha gari usiku porini kati ya Nangurukuru na Somanga akiwa na sare ya zamani na tochi, na dereva anasimama kwa sababu miaka yote amezoea kusimama. Sasa huku unaambiwa "badilisheni kidogokidogo kuokoa fedha", na huku kila mwezi wa kuchelewa sare mbili ziko barabarani kwa wakati mmoja na raia hajui ipi ni ya kweli. Nani atakuwa na kosa akikataa kusimama? Nani atakuwa na kosa akisimama?

Kwa hiyo fundi, mlango wa gari ungoje zamu yake. Sare isingoje.

Na lingine, msidharau nafsi ya askari. New York, polisi wa treni za chini ya ardhi walikuwa wananyanyapaliwa na wenzao wa juu, wakionekana polisi wa daraja la pili. William Bratton alipokuwa mkuu wao tangu 1990 aliwabadilishia sare na silaha, akawarudishia heshima, na kazi ikaonekana. Mwaka 1995 wakaunganishwa na polisi wa jiji, jina lao likafa kabisa. Wapo walioumia. Jina la kikosi ni kitu mtu anazikwa nacho. Mimi beji yangu ya kwanza ninayo kwenye sanduku, mke wangu anajua siku yangu ikifika aiweke wapi.

#7 Mchora Vibao

Shikamoo afande. Hilo la sare sikuwa nimeliwaza hata kidogo, na umenibadilisha. Nilikuwa na wazo la kushauri vyote vibadilike kwa kadiri vinavyochakaa: gari likifika zamu ya rangi, liandikwe upya, shati likichanika, lije la jina jipya. Kwa magari na vibao vya ndani bado nasimamia hapo. Kwa sare naondoa maneno yangu.

Binti, marahaba mwanangu. Nimekusoma mara mbili. Sina jibu la kumpa mama yule, na sitalitafuta kwenye kopo la rangi. Kibao hakiponyi. Ninachosema ni kimoja: kibao kibovu kinaweza kuongeza jeraha, kama nilivyoona kwenye basi.

#8 Cherehani Masasi

Samahanini kuingilia, mimi ni fundi nguo. Mnazungumza gharama kama hela inayomwagwa baharini. Sare inashonwa na mtu. Kenya walipobadilisha, walisema zitashonwa na vijana wa NYS, yaani huduma ya vijana ya taifa lao, ndani ya nchi. Sisi msimu wa korosho ukiisha, Masasi nzima inanyauka, cherehani zimefunikwa vitambaa mpaka mnada wa Oktoba. Ikiwa kuna siku sare zitabadilishwa nchini, kwa nini kazi ya beji na kofia isigawanywe mikoani? Gharama itakuwa ileile, ila itabaki mifukoni mwetu.

#9 Dereva wa Masafa

Mama Cherehani hapo nimekubali. Na afande kuhusu sare mbili barabarani, hilo ni la kweli kabisa. Mimi usiku siku hizi nikimulikwa tochi natafuta kwanza kama kuna gari lenye maandishi nyuma yake. Sioni maandishi, sisimami mpaka kwenye taa za watu. Kwa hiyo Mchora Vibao, kumbe ninayasoma. Nilikosea kusema sisomi.

#10 Mjukuu wa Nachingwea

Wakuu mmejadili Vancouver na Ireland, nirudi nyumbani. Babu yangu alifanya kazi kwenye reli ya karanga. Vijana wengi hawaamini kwamba Kusini tulikuwa na reli. Waingereza waliijenga kwa ajili ya ule mradi wa karanga ulioanza 1947 na ukaachwa 1951, ikaja mpaka bandari ya Mtwara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Babu alikuwa akionesha tuta lake porini kama mtu anayeonesha kaburi.

Sasa miaka mingi tunasikia reli ya Mtwara mpaka Mbamba Bay, kwa ajili ya makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Tuseme inajengwa. Wataletwa polisi wa kuilinda, na abiria watakuwa bibi zetu wa Nanyumbu na Tunduru, wengine Kiswahili chao ni cha pili baada ya Kimakua au Kiyao. Swali langu kwa fundi: ungeambiwa uandike ule mlango wa kwanza kabisa, kabla jina halijapewa mtu yeyote, ungeandika nini?

#11 Mchora Vibao

Mjukuu, umeniuliza swali nililotamani kuulizwa tangu niliponyanyua brashi.

Kwanza nisingekubali kifupisho. Kifupisho ni cha watu wa ofisi. Bibi hawezi kupiga kelele ya herufi nane ndani ya behewa.

Pili, nisingeweka jina la mamlaka ndani ya jina la polisi. Hapo ndipo Vancouver walijifunga. Mamlaka zinavunjwa na kuunganishwa. Reli yenyewe mmeona, TRC, TRL, TRC. Ukimtundika polisi kwenye jina la mwajiri, kila mwajiri akibadilika unapaka milango upya. Jina la mwajiri likae kwenye hati.

Tatu ni kipimo. Mafundi wa vibao tuna kanuni: kila sentimita mbili na nusu za urefu wa herufi zinasomeka vizuri kwa mita tatu hivi. Herufi ya sentimita kumi inasomeka ukiwa mita kumi na mbili. Mtu anayekimbia kuomba msaada stesheni usiku anahitaji kusoma akiwa mbali zaidi, tuseme mita ishirini na nne. Hiyo ni sentimita ishirini kwa kila herufi. Mlango una upana wake, hauongezeki kwa sababu jina ni refu. Jina lenye maneno saba litaingia kwa herufi za sentimita mbili, na hapo umeandika kitu cha kusomwa na mtu aliyeshaingia ndani ya gari.

Kwa hiyo ningeandika POLISI RELI. Herufi kumi. Ndivyo wanavyoitwa tayari mdomoni huko kwenye Reli ya Kati, mtu hakutumwa kuwafundisha. Nyeupe juu ya bluu iliyokoza, ya kuakisi taa, maana bila kuakisi usiku ni sawa na hujaandika. Namba ya kupiga chini yake, kubwa karibu sawa na jina. Nembo ndogo juu ya gurudumu, ikibadilika inabanduliwa peke yake bila kugusa mlango.

#12 Binti Mikindani

Mjomba, na ndani ya behewa?

#13 Mchora Vibao

Ndani maneno yaleyale, bila hata moja kuzidi, kwenye kimo cha macho ya mtu aliyekaa, kila baada ya viti vinne. Yule binti wa 2020 alilazimika kusimama na kunyoosha shingo juu ya dirisha ili asome, na yule jamaa akamwona anasoma. Nimeshapima kwenye basi lililokuwa limeegeshwa stendi ya Mkanaledi: kutoka kwenye sakafu ni sentimita mia moja na kumi na tano. Nimeandika kwenye daftari. Mwenye basi moja la Newala amenikubalia nijaribu kwenye gari lake, nimeanza leo asubuhi na viti vya nyuma.